MAKTABA ZA SHERIA NA UMOJA WA WAKUTUBI: FUNZO KUTOKA KYELA

Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa masjala, mahakama na maktaba. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wote wa Serikali na wananchi kwa jumla.



Nimetakiwa nizungumze juu ya maktaba za sheria, na juu ya faida ya wakutubi wa sheria kuwa na umoja wao wa kikanda. Natambua kwamba kwa wengi wetu jambo hili huonekana kuwa ni shughuli ya mawakili na majaji peke yao. Nitajitahidi kuonesha kwamba sivyo. Sheria isiyopatikana pale inapohitajika ni sawa na dawa iliyofungiwa ghalani wakati mgonjwa yupo kitandani: ipo, lakini haimfai mtu. Na anayehakikisha kwamba sheria inapatikana, ikiwa nzima na ikiwa ndiyo inayotumika, ni mkutubi.

Ili nisizungumze kwa maneno matupu, nitachukua mfano wa sehemu moja ya nchi yetu iliyo mbali na visiwa hivi, nayo ni Wilaya ya Kyela katika Mkoa wa Mbeya, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Pengine mtauliza: Kyela inatuhusu nini sisi wa Unguja na Pemba? Jibu ni kwamba Kyela na visiwa vyetu viliandikwa katika karatasi moja, siku moja, na watu wale wale.

KARATASI MOJA, MIAMBAO MIWILI

Kyela inajulikana nchini kwa mchele wake, kwa kokoa na kwa michikichi. Ni nchi ya tambarare yenye mvua nyingi. Upande wa mashariki, Milima ya Livingstone inateremka hadi majini. Upande wa magharibi unapita Mto Songwe, ambao ng'ambo yake ni Malawi, na njia kuu ya kuvukia ni Kasumulu. Katika ufukwe huo zipo bandari za Itungi na Kiwira, na upo mji mdogo wa Matema, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao sokoni kwa mitumbwi. Wananchi wa huko wanaliishi ziwa: wanalivua, wanalisafiria na wanalinywa.

Tarehe 1 Julai, 1890, mjini Berlin, wajumbe wa Uingereza na wa Ujerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika. Katika Ibara ya 11 ya mkataba huo, Ujerumani ilikubali kuutambua ulinzi wa Uingereza juu ya milki iliyobaki ya Sultani wa Zanzibar, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Na Uingereza ikaahidi kusaidia ili mwambao wa Bara na kisiwa cha Mafia viende kwa Ujerumani. Katika Ibara ya 12, Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland kilichopo katika Bahari ya Kaskazini. Na katika Ibara ya Kwanza ya mkataba huo huo ulichorwa mpaka wa kusini wa eneo la Ujerumani: kwamba ukilifikia Ziwa Nyasa, mpaka ufuate ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe, kisha uupande mto huo.

Basi maneno machache yaliyoandikwa Berlin yakaamua mambo makubwa kwa watu ambao hawakuulizwa. Wa Unguja na Pemba wakajikuta chini ya bendera moja, wa Mafia na wa Kyela chini ya nyengine. Na yule wa Kyela, kwa mujibu wa maneno yale yalivyoandikwa, akaambiwa kwamba mpaka wake ni pale mchanga unapokutana na maji.

UGOMVI NA KARATASI ZAKE

Ndugu Mwenyekiti, inafahamika kwamba suala la mpaka wa Ziwa Nyasa limekuwa na mvutano baina ya Tanzania na Malawi. Si kazi ya mazungumzo haya kuhukumu, na msimamo wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano unajulikana. Nia yangu ni kuonesha kitu kimoja tu: kwamba kila hoja katika suala hili, ya upande wowote, imesimama juu ya karatasi fulani, na kwamba karatasi hizo hazipo mahali pamoja.

Upande wa Malawi hutegemea maneno ya mkataba wa 1890 kama yalivyo, pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwezi wa Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa kupata uhuru. Upande wa Tanzania hutegemea desturi ya sheria ya kimataifa ya kupitisha mpaka katikati ya maji yanayozitenga nchi mbili. Hutegemea vile vile Ibara ya 6 ya mkataba huo huo, iliyosema kwamba mistari iliyochorwa inaweza kurekebishwa kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali. Na hutegemea taarifa za utawala wa Uingereza katika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambazo baadhi yake ziliutaja mpaka kuwa unapita katikati ya ziwa. Suala hilo liliulizwa Bungeni Dar es Salaam mwaka 1962. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania iliiandikia Serikali ya Malawi rasmi. Mwaka 2012 mvutano ulifufuka baada ya Malawi kutoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani, na usuluhishi ukakabidhiwa jopo la viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Mheshimiwa Joaquim Chissano, Rais wa zamani wa Msumbiji.

Sasa tuhesabu. Nakala ya Kiingereza ya mkataba ipo London, na ya Kijerumani ipo Berlin. Taarifa za utawala wa Waingereza zilipelekwa Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa la wakati ule. Kumbukumbu za majadiliano ya Bunge zipo upande wetu. Nyaraka za utawala wa Nyasaland zipo Zomba. Mafaili mengi ya Wajerumani yalibaki Dar es Salaam, na mengine yapo Ujerumani. Na sisi hapa, katika hifadhi ya nyaraka iliyopo Kilimani, tunazo karatasi za Zanzibar zinazohusu wakati ule ule na mataifa yale yale. Hakuna maktaba hata moja, iwe ya tajiri au ya maskini, inayoweza kusema kwamba ina kila kitu.

Aidha, mpaka wa Kyela haukuishia kwenye maneno ya 1890. Tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani iliipima sehemu ya baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwaka 1898, na makubaliano yakatiwa saini mwaka 1901. Lakini Mto Songwe haukutia saini. Katika tambarare za chini, mto huo hubadilisha mkondo wake wakati wa mafuriko, na shamba la mpunga lililokuwa ng'ambo hii huamkia ng'ambo ile. Anayetaka kujua mto ulipita wapi zamani hawezi kuuliza maji, atauliza ramani. Na ramani ni lazima iwe imehifadhiwa na mtu anayejua thamani yake.

USHAHIDI WA THE HAGUE

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ya karatasi za kale ni ya wanahistoria. Naomba niwatolee mfano wa mkataba ule ule wa 1890.

Ibara ya 3 ya mkataba huo ilichora mpaka wa eneo la Ujerumani la Kusini Magharibi ya Afrika, kufuata Mto Chobe. Katika mto huo kipo kisiwa kidogo ambacho Wanamibia wanakiita Kasikili na Wabotswana wanakiita Sedudu. Nakala ya Kiingereza inasema mpaka unafuata katikati ya mkondo mkuu. Nakala ya Kijerumani inatumia neno "Thalweg", yaani mstari wa kina cha mto. Je, mkondo mkuu ni ule unaopita kaskazini ya kisiwa au ule wa kusini? Nchi hizo mbili, kwa ujirani mwema, zilikubaliana kulipeleka suala lao katika Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague, na tarehe 13 Disemba, 1999, Mahakama iliamua kwa kura 11 dhidi ya 4 kwamba kisiwa ni cha Botswana.

Ndugu watumishi wenzangu, nawaomba mzingatie hapa. Miongoni mwa karatasi zilizosomwa mbele ya majaji wale zilikuwemo taarifa ya afisa wa polisi wa Bechuanaland, Kapteni Eason, ya mwaka 1912, na taarifa ya pamoja ya maafisa wawili wa wilaya za pande mbili za mto, Trollope na Redman, ya Januari 1948. Mahakama haikuzichukua taarifa hizo kuwa ni makubaliano ya nchi, lakini ilizikubali kuwa zinaunga mkono hoja kwamba mkondo mkuu ni ule wa kaskazini. Maafisa wale walikuwa watu kama sisi: walitumwa kazi, wakaenda kuangalia mto, wakarudi ofisini, wakaandika, na karani akatia karatasi katika faili. Zaidi ya miaka 50 baadaye, kazi ya asubuhi ile ikasaidia kujua mpaka wa dola mbili huru.

Kwa hiyo afisa wa Kyela anayeandika leo juu ya mafuriko ya Songwe, au sheha wa Pemba anayeandika juu ya mpaka wa shehia yake, asidhani kwamba anaandika kwa ajili ya mwezi huu tu.

SHERIA YA KILA SIKU

Pengine mpaka wa nchi ni jambo kubwa mno. Tuteremke basi kwenye sheria ya kila siku.

Chukua wakulima wawili wa Kyela wanaogombania jaruba la mpunga. Kwa miaka mingi, chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inayotumika Tanzania Bara, Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kusikiliza mgogoro kama huo na kutoa uamuzi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Baraza la Kata liliondolewa uwezo wa kuamua, likaachiwa kazi ya kusuluhisha. Na likishindwa kuwapatanisha wahusika, wao ndio huenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sasa mfikirie mjumbe wa baraza mwenye kitabu cha sheria cha zamani, ambaye hakufikiwa na Gazeti la Serikali. Anakaa kwa haki, anasikiliza mashahidi, anatoa uamuzi kwa moyo safi, na uamuzi wake hauna nguvu. Aliyeshinda anapanda mpunga katika ardhi ambayo kesho ataambiwa si yake. Hapo pana nauli, pana gharama, na pengine pana damu. Na asili ya yote ni ukurasa mmoja uliokosekana.

Kazi ya mkutubi wa sheria ni kuuzuia ukosefu huo. Sheria si kitabu kinachonunuliwa mara moja kikawekwa kabatini. Sheria inatungwa, inarekebishwa, inafutwa na kutafsiriwa na mahakama. Mkutubi anapokea kila toleo la Gazeti la Serikali. Anaandika pembeni ya kifungu cha zamani kwamba kimebadilishwa na sheria fulani ya mwaka fulani. Anatengeneza faharasa ya hukumu ili hakimu aweze kuona kama suala lililo mbele yake limewahi kuamuliwa. Na anatunza pia sheria iliyokufa, kwa sababu mtu aliyefanya jambo mwaka 1995 atahukumiwa kwa sheria ya 1995. Kazi hiyo haina sherehe. Inaonekana siku isipofanywa.

Kutoka Kyela hadi Mbeya, ambako ipo Mahakama Kuu ya kanda, ni safari ya zaidi ya kilomita 100 ya kupanda milima kupitia Tukuyu. Hakimu hawezi kuifunga safari hiyo kila anapohitaji kutazama kifungu. Wenzetu wa Pemba wanaosubiri boti ili watafute hukumu Unguja wanaelewa nasema nini.

MTU MMOJA NA WATU WENGI

Yupo mkutubi mmoja ambaye kila mwanasheria wa mipaka ya Afrika amepata kunufaika na kazi yake. Sir Edward Hertslet alikuwa mkutubi na mtunza nyaraka wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza tangu mwaka 1857 hadi 1896. Yeye ndiye aliyeikusanya mikataba ya kugawana Afrika, ukiwemo ule wa 1890, katika kitabu kiitwacho The Map of Africa by Treaty, kilichotoka mwaka 1894 na kutolewa kwa mara ya tatu mwaka 1909. Kazi ile ilifanywa kwa maslahi ya dola iliyotawala, lakini leo inatumiwa na nchi zilizotawaliwa. Baada ya Uhuru, wanasheria wa kwetu nao walikusanya: mwaka 1973 Seaton na Maliti walitoa kitabu cha Tanzania Treaty Practice, kinachoonesha jinsi Tanzania ilivyoshughulikia mikataba iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Hertslet aliweza kwa kuwa karatasi zote zilikuwa zikimjia mezani. Wakutubi wetu hawana meza hiyo. Mmoja yupo Mbeya, mwengine Unguja, mwengine Zomba, mwengine Nairobi, kila mmoja na kipande chake. Njia pekee ya watu hawa kupata meza moja ni kuungana.

Wenzetu wa nchi nyengine waliliona hilo mapema. Mwaka 1906 wakutubi wachache wa sheria wa Marekani waliunda chama chao, na haikupita miaka miwili kabla hawajaanza kutoa, mwaka 1908, faharasa ya makala za majarida ya sheria, kazi ambayo hakuna maktaba moja ingeliweza kuifanya peke yake. Wakutubi wa sheria wa Uingereza na Ireland waliungana mwaka 1969, na wa Afrika ya Kusini mwaka 1976.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa umoja. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa Oktoba 1961, kiliwasomesha pamoja vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda, wakitumia maktaba moja. Tulikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo hukumu zake zingali zikitajwa mahakamani. Na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 ndipo mwaka 1979 ikaanzishwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, inayosikiliza rufaa za Bara na za Visiwani. Wakutubi nao walikuwa na chama cha Afrika Mashariki. Kilipogawanyika na kuwa vyama vya nchi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hawakukubali kutengana. Mwaka 1974 walikutana Dar es Salaam, mwaka 1976 Lusaka, na mkutano wao wa kudumu wa wakutubi wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika ukaendelea. Ulirudi Dar es Salaam mwaka 2006. Mwaka 2014 ulifanyika Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, miaka miwili tu baada ya mvutano wa ziwa kufufuka. Serikali mbili zilikuwa zikibishana juu ya maji. Milango ya wakutubi ilikuwa wazi.

Kinachohitajika, kwa maoni yangu, ni kwamba ndani ya umoja huo mkubwa wakutubi wa sheria wawe na safu yao inayofanya kazi mwaka mzima, si siku za mkutano tu. Faida zake ni za wazi. Kwanza, orodha ya pamoja inayoonesha maktaba gani ina Gazeti la mwaka gani na juzuu gani za hukumu, ili pengo la mmoja lizibwe na ziada ya mwenzake. Pili, mkutubi wa mahakama ndogo awe na mtu wa kumuuliza, na apate jibu siku ile ile. Tatu, mafunzo: kijana aliyesomea ukutubi kwa jumla hajui bado kuifuata sheria kutoka kutungwa kwake hadi kufutwa kwake, na atajifunza kwa aliyeifanya kazi hiyo. Nne, sauti: mkutubi mmoja akiomba fedha za kununua vitabu huonekana msumbufu, wakutubi wa nchi sita wakisema jambo moja, husikilizwa.

MASUALI YANAYOULIZWA

La kwanza: je, intaneti haijamaliza tatizo? Ni kweli kwamba hali imekuwa nyepesi. Kenya ilianzisha kwa sheria ya mwaka 1994 baraza la kutoa ripoti za hukumu, na hukumu zake husomwa bure. Zipo TanzLII, ZanzibarLII na MalawiLII, na mwananchi mwenye simu huko Matema anaweza kuisoma hukumu ya Mahakama ya Rufani. Hii ni neema. Lakini tovuti haijijazi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuikusanya hukumu, kuihakiki na kuiweka. Na karatasi zile za 1898, matangazo ya miaka ya 1930 na mafaili ya wilaya bado ni karatasi, na mchwa hawasubiri mradi. Isitoshe, tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania Bara imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapo kazi imeongezeka: istilahi zinazotumika Mbeya, Unguja na Nairobi zisipolinganishwa, tutakuwa na lugha moja na sheria zisizoelewana.

La pili: je, vyama hivi si mahali pa kunywa chai na kuchukua posho? Vipo vilivyo hivyo. Kipimo cha chama ni kile kinachobaki baada ya mkutano. Kikiacha faharasa, orodha au mtu aliyefunzwa, kimefanya kazi. Kikiacha picha ya pamoja peke yake, wanachama wana haki ya kuuliza ada yao imekwenda wapi.

La tatu, nalo ndilo zito: je, ni busara kushirikiana nyaraka na jirani tunayebishana naye? Zipo siri za Serikali, na hizo zina sheria yake na hazihusiki hapa. Lakini mkataba uliotiwa saini, Gazeti lililochapishwa na hukumu iliyosomwa hadharani si siri ya mtu. Botswana na Namibia zilisimama mbele ya majaji, kila moja ikiwa na nakala ya mkataba ule ule. Walibishana juu ya maana, hawakubishana juu ya kuwepo kwa maneno. Ugomvi ambao pande zote zinasoma ukurasa mmoja unaweza kwisha. Ule ambao kila mmoja ana karatasi yake na anamtuhumu mwenzake kwa kughushi, huo hurithishwa watoto.

YANAYOTAKIWA KWETU

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo ya kutekelezwa, kwani mazungumzo yasiyo na kazi mbele yake ni upepo.

(1) Kila Wizara na Idara ihakikishe kwamba ina mafungu kamili ya Gazeti Rasmi, yaliyojalidiwa kwa miaka, na kwamba yupo mtumishi mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana nayo.

(2) Kanuni, miongozo na taarifa zinazochapishwa na ofisi za Serikali zipelekwe nakala katika maktaba na katika hifadhi ya nyaraka bila ya kusubiri kuombwa.

(3) Faili lisichomwe wala kuuzwa kwa kufungia bidhaa kwa sababu tu chumba kimejaa. Utaratibu wa kuteketeza nyaraka upo, na unaanza kwa kuuliza.

(4) Wakuu wa Idara wawaruhusu na kuwasaidia wakutubi na makarani wa masjala kujiunga na vyama vyao vya taaluma. Mtumishi akirudi kutoka mkutanoni, atoe taarifa ya maandishi ya kile alichokileta.

(5) Wananchi wenye karatasi za wazee wao, kama vile hati za mashamba, risiti za kodi, barua za kadhi au ramani, wasizitupe. Wazioneshe kwa wataalamu wa nyaraka, ambao wataeleza namna ya kuzitunza au kuzichukulia nakala, na wenyewe wakabaki na mali yao.

(6) Masheha na walimu wa skuli wawafahamishe wananchi kwamba kuisoma sheria ya nchi ni haki ya kila mtu, na si lazima kwanza mtu awe na kesi.

Mvuvi wa Matema anapotupa nyavu zake usiku hafikirii Ibara ya Kwanza wala Ibara ya 6. Wala mvuvi wa Nungwi hafikirii Ibara ya 11. Hawana haja ya kuzifikiria, madhali wapo watu waliopewa dhamana ya kuzitunza na kuzifahamu. Lakini siku mmoja wao akiulizwa kwa haki gani anavua hapa, ni lazima awepo mtu wa kumtolea karatasi, na karatasi hiyo iwe nzima. Dhamana hiyo ni yetu sisi tulioajiriwa kwa ajili yake.